Baba Alivyoshindwa Kuwaua Watu wa Mamba

Baba yangu alianza kuandika riwaya akiwa mzee wa miaka sitini na saba, na sababu aliyonipa ni kwamba alitaka kuwamaliza watu wa Mamba kabla hawajafa wenyewe kwa uzee. Aliniambia hivyo asubuhi moja dukani kwangu, madaftari matatu manene ya kaunta buku yakiwa kwapani. Nina steshenari hapa Mpanda, jirani na soko: natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za kuomba kazi na mitihani ya shule. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Baba akavua kofia, akaketi kwenye benchi la wateja akasubiri zamu yake, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mahali pengine popote, hata hospitali.

Zamu yake ilipofika aliyaweka madaftari mezani. "Chapa yote," akasema. "Usibadilishe kitu. Na usicheke."

Nilicheka kwenye ukurasa wa pili. Lakini kwanza nieleze watu wa Mamba walimkosea nini.

Baba ni mwenyeji wa huko, kijiji cha Mamba, Mpimbwe, kwenye mashamba ya mpunga. Alipokuwa kijana alikwenda vita vya Uganda, barua zake zikakatika, na askari mmoja aliyetangulia kurudi akaleta habari kwamba amemwona akianguka. Ukoo ukalia, matanga yakawekwa. Na msiba wa kwetu hauendi bila mtani. Mtani ni mtu wa kabila ambalo babu zetu walitaniana nalo tangu zamani, na msibani ana ruhusa ya kusema lolote, kukalia jeneza, kunyang'anya sufuria ya nyama. Halafu siku ya kuanua matanga huvaa nguo za marehemu akapita katikati ya watu akimwigiza. Hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Mtani aliyeshika zamu kwenye msiba wa Baba alikuwa rafiki yake wa utotoni, ambaye walifukuza naye ndege mashambani tangu wakiwa hawajui kufunga kamba za viatu.

Ila Baba hakuwa amekufa. Alikuwa amelazwa hospitali ya mbali, risasi imempitia begani. Aliporuhusiwa alidandia malori, akamalizia safari kwa miguu, akaingia Mamba siku ileile ya kuanua matanga. Hapo pa "siku ileile" mimi nilidhani miaka yote pametiwa chumvi, lakini kila aliyekuwepo anaapa ndivyo ilivyokuwa. Akiwa nyuma ya uzio wa mabua alisikia kicheko. Akachungulia. Akamwona rafiki yake amevaa shati lake la sikukuu, anakimbia huku na huku ameshika suruali isimdondoke, anakwepa risasi, analia "mama yangu nakufa", mwisho anajificha nyuma ya bibi mmoja mnene. Watu walikuwa hoi. Kwa miezi yote ile hospitalini, Baba alikuwa amelala akiwawaza watu haohao.

Akaingia uani. Watu wakatimua mbio, mmoja akatumbukia kwenye mtungi wa pombe, na jioni kijiji kizima kilikuwa kinacheka tena, safari hii kwa ajili ya yule wa mtungi. Baba hakucheka. Baada ya siku mbili alimchukua mama yake wakahamia Mpanda, akaapa kwamba Mamba hataikanyaga mpaka alipe kisasi. Bibi aliishi nasi hadi mwisho wake na kaburi lake liko hapahapa mjini. Kisasi kikachelewa. Kulikuwa na kazi ya ulinzi, mahindi ya kulima Magamba, watoto sita wa kusomesha, na miaka arobaini na kitu ikapita hivyo.

Kilichomharakisha ni shangazi. Shangazi ni dada yake mkubwa, ndiye pekee wa tumbo moja aliyebaki, na yeye hakuhama Mamba. Alikuwa akija kututembelea kila baada ya mavuno, mpaka magoti yakakataa. Mwaka wa pili bila kuja alinipigia simu mimi, si Baba.

"Mwambie baba yako mimi sisafiri tena," akasema. "Kama anataka kuniona nami nimwone, aje sasa. Kama anasubiri nifumbe macho ndiyo aje anitazame, basi asije kabisa."

Nilimfikishia neno kwa neno. Baba alitafuna kwa muda mrefu, ingawa mdomoni hamkuwa na kitu, kisha akasema aliapa, na mwanajeshi haruki kiapo. Atalipa kisasi kwanza, ndipo aende. Wiki hiyohiyo akanunua madaftari. Alikuwa amekata shauri kwamba kisasi cha kwenye karatasi nacho ni kisasi, mradi kikamilike. Kwa hiyo mnaelewa hali yangu: shangazi anasubiri, umri wake hausubiri, na safari ya Baba ya kwenda kwake imefungwa kwenye riwaya ambayo mwandishi wake lazima aimalize.

Nilianza kuchapa. Shujaa wa riwaya alikuwa Sajini mmoja, mrefu kuliko Baba, mwenye kovu shavuni badala ya begani. Anarudi kwenye Mji Ule, ndivyo alivyouita, akiwa na dumu la petroli na orodha ya majina. Wa kwanza ni mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Sajini anaingia mashineni, uso ameukunja, kiberiti mkononi. Mwenye mashine anamwona. Anamsalimia. Na hapo Baba, aliyelelewa vizuri, hakuweza kumfanya Sajini anyamaze. Sajini akaitikia. Akaulizwa habari za safari, akajibu. Akaulizwa hali ya mvua huko atokako, akaeleza. Wakaulizana watoto, wazee, mifugo, na mguu wa mjomba wa mwenye mashine uliokuwa na tatizo tangu mwaka juzi. Salamu zilichukua kurasa mbili na nusu. Zilipokwisha, chakula kilikuwa tayari, na Sajini akakaribishwa kunawa mikono.

"Baba," nikasema, "amechoma mashine au hajachoma?"

"Atachoma. Huwezi kumchoma mtu uliyekula kwake siku hiyohiyo. Kesho."

Kesho yake kwenye riwaya Sajini alikwenda kwa mwenye duka, Mwislamu mmoja mpole aliyekuwa wa pili kwenye orodha kwa kosa la kugawa biskuti za bure siku ya matanga. Sajini akamkuta anampimia mama mjamzito nusu kilo ya sukari. Akangoja amalize. Adhana ikalia, mwenye duka akafunga kwenda kuswali, akamwomba Sajini amwangalizie duka. Sajini akaangalia duka. Akauza na kiberiti chenyewe.

Nilikuwa nafika nyumbani nimechoka kwa kucheka na kukasirika kwa wakati mmoja. Sura ya tisa ilifika hajafa mtu. Walikufa kuku wawili, na hao walichinjwa kwa ajili ya kumkaribisha Sajini. Nilikuwa namwambia waziwazi, "Baba, ua hata mmoja twende kwa shangazi." Ananijibu kwamba riwaya si mchezo wa watoto, mtu lazima msomaji amjue kwanza. Shida ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa anawajua. Kila alipokaa kuandika ubaya wa mtu alikumbuka jinsi mtu huyo alivyokuwa akikohoa, au wimbo aliokuwa akiuimba akipalilia, akauandika huo.

Sasa kosa langu. Printa yangu ina tabia ya kutoa mistari myeusi wino ukikaribia kwisha, na karatasi zilizoharibika nampa dada anayekaanga vitumbua mlangoni kwangu, anafungia wateja. Hapa mjini hakuna anayeshangaa kula kitumbua kilichofungwa kwenye mtihani wa jiografia wa kidato cha pili. Nikampa na kurasa za Baba. Wala sikufikiri mara mbili, karatasi ni karatasi.

Wiki mbili baadaye nikaona wateja wa vitumbua wameongezeka. Wanakuja wanapokea, wanakunjua, wanasoma kwanza. Kondakta mmoja wa basi la Mpimbwe alirudisha vitumbua vinne vizima akiomba abadilishiwe karatasi, maana ile aliishaisoma. "Dada, kile kipande cha Sajini anachota maji kwa yule mjane kiko wapi?" akaniuliza. "Kule stendi tumebishana tangu jana kama atamwua au atamwoa."

Vitumbua vikasafiri na basi hadi Mamba. Na Mamba, Baba alipokuwa ameandika "mwenye mashine", hawakuhitaji kuambiwa ni nani. Simu zikaanza. Nilitegemea matusi. Nikapata malalamiko ya namna nyingine kabisa. Mtoto wa mwenye mashine alisema marehemu baba yake hakuwahi kuwa na mashine moja, alikuwa nazo mbili, na irekebishwe. Mama mmoja alitaka kujua kwa nini yeye hayumo, wakati siku ya matanga alicheka kuliko wote na mashahidi wapo. Mwingine akasema akiuawa auawe msimu wa kiangazi, barabara inapitika, watu wa Kasansa waweze kufika mazishini.

Baba alipojua alinifokea kwa nusu saa kamili. Alinyang'anya karatasi zote mkononi mwa dada wa vitumbua, pamoja na zile zisizo zake. Akasema nimevujisha mpango wa vita kwa adui. Nami nilikuwa nimechoka, nikamjibu kwamba adui anaomba sura ya kumi. Akaondoka bila kuaga, na siku nne hakuja dukani. Nilidhani basi, kitabu kimekufa, na safari ya kwenda kwa shangazi nayo.

Siku ya tano ndipo akaingia dukani mzee mmoja mfupi, mwenye fimbo, koti limemzidi, mkononi ameshika karatasi yenye mafuta. Baba naye ndiyo kwanza alikuwa amerudi, ameketi kwenye benchi amenigeuzia mgongo kuonyesha kwamba bado amenuna. Yule mzee akamtazama tangu kofia hadi viatu.

"Marehemu," akasema. "Habari za ahera?"

Nilijua hapohapo ni nani. Hakuna mtu mwingine duniani mwenye haki ya kumwita baba yangu hivyo. Baba hakugeuka, lakini niliona masikio yake yanasogea, na hiyo kwa Baba ni dalili kwamba anazuia kicheko kwa nguvu zote.

Mtani akajikalisha kwenye benchi bila kukaribishwa. Akakunjua karatasi, akaisogeza mbali na macho. "Nyie wa Mpanda mnaniandika vibaya. Hapa naambiwa Sajini atanipiga risasi mimi wa mwisho, nikiwa nakimbia. Mimi sijawahi kukimbia. Aliyeikimbia Mamba ni wewe."

"Nilikimbia lini?" Baba akageuka sasa. "Wewe ndiye uliyenikimbiza. Umevaa shati langu, umenifanya mwoga mbele ya mama yangu. Mama yangu alikuwepo pale na wewe unalia mama yangu nakufa. Mtu gani anafanya hivyo?"

Dukani palikuwa na wateja watatu na hakuna aliyekuwa na haraka tena. Mtani alikunja ile karatasi ya vitumbua mara mbili, akaitia mfukoni.

"Mama yako ndiye aliyenituma," akasema.

Akaeleza. Tangu habari zifike, Bibi alikuwa hali chakula. Anakunywa maji, anarudi kukaa barabarani kusubiri. Yeye mtani naye alikuwa amegoma kuigiza. Alisema msiba huu wamtafute mtani mwingine, yeye amefiwa. Asubuhi ya kuanua matanga Bibi akamfuata na shati mkononi. Akamwambia, vaa, tembea mbele yangu kama anavyotembea, nimwone mara moja tu.

"Nikavaa," mtani akasema. "Nikatembea ule mwendo wako, kidevu juu kama unanusa chapati za jirani. Mama yako akatabasamu. Nikatembea tena. Akacheka. Sasa nikaogopa, marehemu. Nikaona nikiacha ataanza kulia. Nikawa sina kingine cha kufanya, nikaongeza risasi. Nikaongeza suruali inadondoka. Chochote. Ningepanda na juu ya paa."

Baba alimtazama. Nilitegemea kitu kitamlegea pale pale, lakini ni mtu mgumu, na miaka arobaini si mchana mmoja.

"Watani waongo," akasema. "Ndiyo kazi yenu."

"Ndiyo kazi yetu," mtani akakubali. "Muulize dada yako. Alikuwa amekaa naye."

Nikashika simu, nikamwambia Baba nampigia shangazi sasa hivi. Akaniambia niweke simu chini, neno kama hilo haliulizwi kwenye simu. Akasimama, akavaa kofia, akatoka. Nilipofika nyumbani jioni nilimkuta anapiga pasi shati. Sikuuliza kuhusu kiapo, wala yeye hakukitaja. Riwaya ilikuwa imeishia katikati ya sura ya kumi, Sajini anasaidia kumsukuma ng'ombe aliyenasa matopeni.

Tulisafiri asubuhi, watu watatu, mtani katikati yetu akisinzia begani kwa Baba, na Baba akimwacha. Baada ya Sitalike, tulipoingia hifadhini, tukafunga vioo kwa ajili ya mbung'o, gari likawa tanuri. Twiga walisimama kando ya barabara wakitutazama. Tukaanza kuona majaruba ya mpunga. Hapo Baba aliniuliza kama kola yake imekaa sawa. Nikamnyooshea, nami nikajuta kila neno la ukali nililomwambia kuhusu sura zile tisa.

Habari ilikuwa imetangulia. Uani kwa shangazi palijaa watu, wengine wameshika karatasi zao za mafuta, na mama yule aliyecheka kuliko wote akaja moja kwa moja kudai nafasi yake kitabuni. Shangazi alikuwa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Hakusimama, hawezi. Alimtazama mdogo wake akivuka ua kidevu juu, akasubiri afike.

"Umewamaliza?" akamuuliza.

"Bado."

"Sasa umefuata nini?"

Baba akachuchumaa mbele yake. Hakuanza na salamu, yeye aliyeandika kurasa mbili na nusu za salamu. "Dada, siku ile, Mama alicheka kweli?"

"Alicheka."

"Wewe ulimwona?"

"Nilikuwa nimemkumbatia, kwa sababu alikuwa hana nguvu ya kukaa. Nilisikia tumbo lake linacheka kabla sijasikia sauti. Ilikuwa siku ya tisa hajala. Wewe uliingia wakati mbaya tu. Ungechelewa kidogo ungemkuta anakula."

"Mbona hakuniambia? Tumekaa naye nyumba moja miaka yote."

"Alikuwa akianza, unatoka nje," shangazi akasema. "Aliniambia mwenyewe. Mwisho akaona kama anakuumiza, akaacha."

Baba alibaki amechuchumaa, akichora chora udongo kwa kidole. Kisha akauliza Mama alikuwa amekaa upande gani. Shangazi akamwonyesha: hapo penye ukuta, karibu na mlango wa jikoni. Baba akaenda akakaa chini palepale, shati lake la pasi likaegemea udongo, akamwita mtani.

"Hebu fanya," akasema. "Nataka kuona alichokiona."

Mtani akasema ana nyonga mbovu na ni mzee. Baba akamwambia hata yeye ni mzee na amesafiri. Basi mtani akampa mtu fimbo, akainua kidevu, akaanza kutembea. Alivuka ua mara moja, polepole. Alivuka mara ya pili. Mara ya tatu akashika suruali, risasi zikaanza, akaruka huku anachechemea, akajificha nyuma yangu mimi akiita mama yangu nakufa. Nikamtazama Baba. Alikuwa anacheka mdomo wazi, machozi yanamshuka hadi kwenye kola, anapiga ardhi kwa kiganja, na nilipotaka kumwendea, shangazi akanishika sketi, akaniambia nimwache kwanza.